Barua pepe kutoka mstari wa amri: Jinsi seva kuu inavyopokea dhamana ya ujumbe

TARAKILISHI nyingi hufanya kazi usiku bila mtu wa kuziangalia. Seva ya shule huhifadhi nakala ya akiba ya alama za wanafunzi saa nane za usiku, mtambo wa ghala la dawa hupima joto la jokofu kila baada ya dakika chache, na tarakilishi ya chama cha ushirika hujumlisha kilo za maziwa zilizopokewa mchana kutwa. Jambo linapokwenda mrama, njia ya kawaida ya mashine hizo kumwarifu binadamu ni kumtumia barua pepe.

Barua hiyo haiandikwi katika ukurasa wa wavuti, wala haitumwi kwa kubofya kitufe. Hutumwa kwa mstari wa amri, yaani kwa maneno machache yaliyoandikwa na msimamizi, au yaliyowekwa katika programu ndogo ijiendeshe yenyewe kwa saa iliyopangwa. Na katika mifumo iliyopangwa vyema, tarakilishi iliyoandika barua haiipeleki yenyewe hadi kwa mpokeaji. Huikabidhi kwa seva kuu ya taasisi, nayo seva hiyo ndiyo hutafuta njia, hujitambulisha kwa seva nyingine na kurudia jaribio iwapo njia imezibika.

Mpango huu ni rahisi kueleza, lakini una mtego. Amri yaweza kujibu kwamba kazi imekamilika ilhali barua haijatoka nje ya jengo. Anayezitegemea barua hizo hana budi kufahamu ni nani anayeshika dhamana ya ujumbe katika kila hatua.

CHIMBUKO LA MPANGO

Amri ya kutuma barua ina umri sawa na barua pepe yenyewe. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, uliotolewa Novemba 1971, tayari ulikuwa na amri iliyoitwa mail. Amri hiyo ilipeleka ujumbe kutoka kwa mtumiaji mmoja hadi kwa mwingine ndani ya tarakilishi ile ile. Mwaka huo huo wa 1971, mhandisi Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN nchini Marekani alituma ujumbe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, na akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine.

Mnamo Agosti 1982, Jon Postel alichapisha kanuni za SMTP, lugha ambayo seva za barua pepe huzungumza hadi leo. Wakati huo Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiunda Sendmail, programu iliyotawala usafirishaji wa barua katika tarakilishi za Unix kwa miaka mingi. Baadaye zilifuata Exim, iliyoandikwa na Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1995, na Postfix ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka wa 1998 akiwa katika kituo cha utafiti cha IBM.

Katika siku hizo za mwanzo, karibu kila tarakilishi ya Unix iliendesha programu kamili ya barua. Athari zake zilionekana Novemba 2, 1988, wakati programu haribifu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris ilipoenea katika intaneti na kulemaza maelfu ya tarakilishi. Mojawapo ya njia ilizotumia ni kasoro katika Sendmail. Funzo lilikuwa wazi: kila programu inayosikiliza mlango wa mtandao ni mlango ambao lazima ulindwe.

Wazo la kukusanya barua mahali pamoja kabla ya kuzisafirisha si geni nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika, mashirika yasiyo ya kiserikali jijini Nairobi yalituma barua pepe kupitia FidoNet, mtandao uliobuniwa mwaka wa 1984 na Tom Jennings huko San Francisco. Barua zilisubiri katika kituo kimoja, kisha zikabadilishwa na kituo cha GreenNet jijini London kwa simu ya kimataifa. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini kanuni ya kuhifadhi kwanza na kupeleka baadaye ingali ile ile.

SABABU ZA KUTUMIA SEVA KUU

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kila tarakilishi isipeleke barua zake moja kwa moja. Sababu ya kwanza ni kwamba njia hiyo mara nyingi imefungwa. Seva za barua hupokeana ujumbe kupitia mlango nambari 25. Kwa kuwa walaghai na wasambazaji wa barua taka waliutumia vibaya mlango huo, kampuni nyingi za intaneti na za kukodisha seva huwazuia wateja kuutumia kwenda nje. Ndipo mlango nambari 587 ulipotengwa Desemba 1998, mahususi kwa mtumaji anayekabidhi barua kwa seva yake mwenyewe baada ya kujitambulisha. Mnamo Januari 2018, wataalamu wa viwango waliidhinisha pia mlango nambari 465, ambao mazungumzo yake yote hufumbwa kwa siri tangu neno la kwanza.

Sababu ya pili ni sifa. Seva inayopokea barua siku hizi haiamini jina la mtumaji hivi hivi. Kwa utaratibu wa SPF, uliochapishwa mwaka wa 2006, mwenye kikoa hutangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Kwa DKIM, ya mwaka wa 2007, kila barua hutiwa sahihi ya kidijitali. DMARC, iliyochapishwa mwaka wa 2015, huieleza seva pokezi la kufanya na barua ambayo haikuthibitishwa na mojawapo ya hizo mbili kuwa kweli imetoka kwa kikoa kilichotajwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimewataka watumaji wote wawe na angalau SPF au DKIM, na wale wanaotuma barua kwa maelfu wawe na zote tatu.

Taasisi yenye tarakilishi 40 ikitaka kila moja ijitetee mbele ya ukaguzi huo, itakuwa na kazi mara 40. Ikizipitisha barua zote katika seva moja, hutayarisha sahihi na orodha hiyo mara moja tu.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Barua ikipotea, msimamizi huangalia daftari la seva moja badala ya kuzunguka ofisi zote akiuliza ni mashine ipi iliyotuma nini.

SAFARI YA UJUMBE

Amri ya kawaida kabisa ni kama hii:

echo "Nakala ya usiku haikukamilika." | mail -s "Nakala ya usiku" mkuu@shule.example

Neno echo hutoa maandishi, alama ya mstari wima huyapeleka kwa amri ya mail, na -s hutanguliza kichwa cha barua. Amri ya mail haisafiri popote. Huikabidhi barua kwa programu nyingine iliyo katika tarakilishi hiyo hiyo, ambayo kwa desturi huitwa sendmail hata kama iliyowekwa ni Postfix, Exim au msmtp. Jina la programu ya Allman limebaki kuwa jina la kazi yenyewe.

Waandishi wa Kiswahili wana jambo moja la kuangalia hapa. Alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo ni alama ile ile ambayo mstari wa amri huitumia kufungia maneno. Anayeandika 'Bei ya ng'ombe' kati ya ritifaa mbili atakuta tarakilishi imenyamaza ikimsubiri amalize, kwa kuwa imehesabu alama tatu na inangojea ya nne. Dawa yake ni kufungia kwa alama za mtajo maradufu, kama ilivyo katika mfano wa juu.

Programu ya kukabidhi barua huifungulia seva kuu mazungumzo. Hujitambulisha kwa neno EHLO, huthibitisha jina na nywila, hutaja mtumaji kwa MAIL FROM na mpokeaji kwa RCPT TO, kisha huandika DATA na kumimina barua nzima. Mwisho wa barua huonyeshwa kwa nukta moja iliyokaa peke yake katika mstari.

Seva hujibu kila hatua kwa nambari. Nambari inayoanza na 2 ni idhini. Inayoanza na 4 ni kizuizi cha muda, na mtumaji anafaa kujaribu tena baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja: 535 huonyesha kuwa nywila si sahihi, na 550 mara nyingi humaanisha kwamba anwani hiyo haipo au barua imekataliwa kwa sababu ya kanuni za seva.

Nambari muhimu kuliko zote ni 250 inayotolewa baada ya ile nukta ya mwisho. Kwa mujibu wa kanuni za SMTP, seva inayotamka nambari hiyo imekubali dhamana. Kuanzia hapo ina wajibu wa kuifikisha barua au kumwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Haina ruhusa ya kuipoteza kimyakimya kwa sababu ndogo ndogo.

Ni sawa na kifurushi kinachopelekwa katika ofisi ya mabasi jijini Nairobi ili kifike Malindi. Karani akishaandika stakabadhi, mwenye mzigo huenda zake. Stakabadhi huthibitisha kwamba kampuni imepokea mzigo. Haithibitishi kwamba jamaa wa Malindi ameutia mkononi.

KUTAYARISHA TARAKILISHI

Kwa tarakilishi ya Linux inayotumia Postfix, mistari ifuatayo katika faili /etc/postfix/main.cf hutosha kupeleka kila barua ya nje kwa seva kuu. Jina la seva hapa ni la mfano tu:

relayhost = [barua.shule.example]:587
inet_interfaces = loopback-only
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = secure
smtp_tls_CAfile = /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt

Mstari wa kwanza hutaja seva kuu. Mabano ya mraba huiambia Postfix iende kwa seva hiyo hasa, bila kuulizia kwingine seva ya barua ya kikoa hicho. Mstari wa pili huifanya programu isikilize maombi ya tarakilishi yake pekee, hivyo mgeni wa mtandaoni hapati mlango wa kubisha.

Neno secure nalo lina uzito wake. Wasimamizi wengi huandika encrypt, wakidhani wamemaliza kazi. Encrypt huhakikisha kwamba mazungumzo yamefumbwa, lakini haikagui cheti cha seva inayozungumza. Ni sawa na kumnong'oneza siri mtu aliye gizani. Secure hufumba mazungumzo na pia hudai cheti chenye jina linalolingana, kabla ya kuitaja nywila. Mahali pa faili ya vyeti lililotajwa hapo juu ni pa Debian na Ubuntu, na katika mifumo hiyo pakiti ya libsasl2-modules pia huhitajika.

Faili ya nywila huwa na mstari mmoja: jina la seva lililoandikwa sawasawa na katika relayhost, likifuatwa na jina la mtumiaji, nukta mbili na nywila. Faili hiyo hufungwa kwa amri ya chmod 600 ili isisomwe na mtu mwingine, hutayarishwa kwa amri ya postmap, kisha Postfix huzimwa na kuwashwa upya kwa postfix stop na postfix start, kwa kuwa badiliko la inet_interfaces halisomwi kwa postfix reload.

Mashine ndogo isiyohitaji programu kubwa inaweza kutumia msmtp au nullmailer. Hata hivyo, mbili hizi hazifanani, na tofauti yake ndiyo inayowatega wengi.

SUFURI HAINA MAANA MOJA

Katika Linux, kila amri inapomaliza kazi huacha nambari. Sufuri humaanisha kufaulu na nambari nyingine yoyote humaanisha kasoro. Programu za usiku husoma nambari hiyo ili kuamua la kufanya.

Msmtp haina foleni. Hufungua mazungumzo na seva kuu papo hapo na kungoja jibu. Ikirudisha sufuri, seva kuu imekwisha kutamka 250. Ikiwa mtandao umekatika, hurudisha kasoro, na barua hiyo haipo tena mahali popote isipokuwa iwe imehifadhiwa na programu iliyoituma.

Postfix na nullmailer hufanya kinyume. Huiweka barua katika foleni ya diski kwanza, hurudisha sufuri, kisha huanza kuitafutia njia. Sufuri hapa ina maana kwamba barua imelazwa katika diski ya mashine hiyo hiyo. Mtandao ukikatika kwa saa sita, barua hungoja salama na kuondoka njia inapofunguka. Lakini nywila ikiwa imebadilishwa, amri itaendelea kujibu sufuri kila usiku huku foleni ikirefuka.

Hivyo basi, mahali ambapo umeme na mtandao hukatika mara kwa mara panafaa programu yenye foleni. Anayeichagua ajue kwamba ana wajibu wa kuitazama. Amri ya mailq huonyesha barua zinazosubiri pamoja na sababu, na postqueue -f huiagiza Postfix ijaribu tena mara moja. Kwa kawaida Postfix huishikilia barua kwa siku tano, kisha hukata tamaa na kuirudisha kwa mtumaji.

BARUA INAYORUDI HURUDI KWA NANI?

Swali hili ndilo husahauliwa zaidi. Barua pepe ina anwani mbili za mtumaji. Ya kwanza huonekana na msomaji ndani ya barua. Ya pili imo katika bahasha, ile iliyotajwa kwa MAIL FROM, na taarifa ya kushindwa hurudishwa kwa hiyo ya pili.

Programu za usiku hutuma barua kwa jina la mtumiaji wa mashine, ambaye aghalabu ni root. Anwani ya bahasha basi huwa kitu kama root@ofisi1, jina lisilojulikana nje ya jengo. Seva kuu yaweza kulikataa. Ikilikubali na baadaye ishindwe kuifikisha barua, haina pa kuirudisha. Aidha, barua zinazoandikiwa root huishia katika faili ya ndani ya mashine ambayo hakuna anayeifungua.

Suluhisho lina sehemu tatu. Kwanza, katika faili /etc/aliases, jina la root huelekezwa kwa anwani ya mtu halisi, kisha amri ya newaliases hutumika. Pili, kwa mpango wa smtp_generic_maps wa Postfix, majina ya ndani hubadilishwa kuwa anwani halali kabla ya barua kutoka. Tatu, katika orodha ya kazi za cron, neno MAILTO hutaja anayefaa kupokea matokeo. Anwani hiyo ikiwa ya idara badala ya ya mtu mmoja, barua hazitapotea siku karani atakapohamishwa.

HATARI YA KITUO KIMOJA

Kukusanya kila kitu mahali pamoja kuna gharama yake. Seva kuu ikizima, taasisi nzima hunyamaza. Mashine moja ikitekwa na kutuma barua taka, sifa ya seva kuu huchafuka, na hata barua halali za mhasibu na mwalimu mkuu huanza kukataliwa. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Kwa sababu hiyo, kila mashine hupewa jina na nywila yake, ili ikiharibika ifungiwe peke yake bila kuzigusa nyingine. Seva kuu huwekewa kikomo cha barua zinazopokewa kwa saa kutoka kwa kila mtumaji. Isitoshe, haifai kamwe kupokea barua za kwenda nje kutoka kwa asiyejitambulisha. Seva za namna hiyo zilikuwa jambo la kawaida hadi katikati ya miaka ya 1990, na ndizo zilizogeuzwa mifereji ya barua taka.

Wanaotumia akaunti za Gmail badala ya seva yao wenyewe wafahamu kwamba, tangu Mei 30, 2022, Google iliacha kukubali nywila ya kawaida kutoka kwa programu za aina hii katika akaunti za watu binafsi. Huhitajika nywila maalumu ya programu, inayotolewa baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Yaliyomo katika barua nayo yapimwe. Mashine haina haja ya kutuma majina ya wagonjwa au alama za wanafunzi ili kueleza kwamba nakala ya akiba imeshindwa. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka wanaoshika habari za watu wasikusanye wala kutumia zaidi ya zinazohitajika. Barua ya onyo yenye jina la mashine, saa na aina ya kasoro inatosha.

Lililo kubwa ni namna ya kuupokea ukimya. Mfumo unaoandika siku ya kasoro pekee humzoesha msimamizi kuamini kwamba asiposikia kitu, mambo ni shwari. Kumbe huenda nywila imepitwa na wakati, diski imejaa au seva kuu imezimwa. Wasimamizi waangalifu huiagiza mashine itume ujumbe mfupi kila alfajiri, kazi iwe imefaulu au la, na huiweka tarakilishi nyingine ipige kengele ujumbe huo usipoonekana kufikia saa fulani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa anayelinda rekodi za shule, ghala la dawa au chama cha ushirika, mshindo huo husikika siku diski inapokufa na nakala ya akiba inapotafutwa. Amri ya kutuma barua ni mstari mmoja tu. Kuhakikisha kwamba kuna mtu anayeipokea, na anayeshtuka isipofika, ni kazi ambayo seva kuu haiwezi kumfanyia yeyote.